Shingo ya Koko Yako

Nsimire, binti yangu, maman yangu,

Mambo ya karatasi za mpaka, ya sweta, ya simu kukaa ndani ya soksi, nimekwisha kuyasema mezani, na wewe uliyasikiliza ukiwa umegeukia dirisha. Sitayarudia hapa. Ninakuandikia nikiwa ofisini, mchana, kwa sababu nyumbani maman yako anakunja na kukunjua nguo zako tangu asubuhi, na kila nikikaa ananiuliza kadi yako ya chanjo iko wapi. Huku kumetulia. Tangu mji wetu upate mabwana wengine, watu hawaji tena kuomba kuona picha za zamani.

Unaona, nimeandika sentensi hiyo na tayari nataka kuifuta. Barua hii itavuka mto wa mpakani, Ruzizi, ndani ya mfuko wako, na kuna watu njiani wanaopenda kusoma barua za wengine. Basi nitaandika juu ya picha tu. Kwa sababu ya picha hakuna atakayekusumbua. Na kwa kweli ni juu ya picha tulikosana vibaya, wewe na mimi.

Tangu siku ile unanijibu kupitia kwa maman yako. "Mwambie papa chakula kiko tayari," na mimi niko mbele yako, kijiko mkononi. Kesho asubuhi unaondoka kwenda Kampala, kwa tantine, shangazi yako, kwenye shule ya uchoraji uliyoipata bila msaada wangu. Sijui utarudi lini. Sijui utanikuta nafanya kazi wapi. Nimechoka, Nsimire, na sitaki uvuke daraja lile huku bado tunaongea kupitia kwa mtu mwingine.

Ngoja nianze na masanduku. Kazi yangu unaijua, umekuwa ukiwaambia rafiki zako kwamba papa analinda picha za wazungu zisioze. Ni kweli. Katika nyumba hii ya mapadri ninafuta ukungu, ninatia namba, ninafunika kila picha kwa karatasi laini. Wengi waliozichora walikuja wakati wa Wabelgiji, wakakaa miezi kadhaa kando ya ziwa, wakarudi kwao na michoro ya watu wakiwa kazini. Mhunzi na mivukuto yake. Wanawake wanatwanga. Wapiga kasia. Mfinyanzi. Chini ya kila mmoja wameandika kazi ile kwa Kifaransa: Mhunzi, Mfinyanzi, Mwanamke mwenye kitunga. Jina la mtu halimo. Jina la mchoraji limo, pembeni, kwa mwandiko mzuri.

Kuna mchoraji mmoja kati yao ambaye nimemwangalia zaidi ya wengine, kwa sababu sanduku lake lina michoro ya pande mbili, ya kwao na ya kwetu. Katika ile ya kwao kuna mwanamke anayechimba viazi. Ameandika jina lake, na jina la shamba. Viungo vya vidole vimevimba, soksi moja imeshuka, matope yamefika magotini, na uso ni wa mtu anayetaka siku iishe. Ukimwangalia, mgongo wako mwenyewe unauma. Halafu unafungua karatasi inayofuata, mkono ni uleule, kalamu ni ileile, na ni wanawake wetu wa Kabare wanaopanda kutoka ziwani na vitunga mgongoni, ukanda kwenye paji la uso. Ngozi inang'aa kama imepakwa mafuta. Hakuna matope. Ndizi zimejaa mpaka juu, na shingo zimesimama wima kama mishumaa ya altare.

Nilikaa na karatasi zile mbili siku nyingi. Nilijiuliza: macho yaliyoona vidole vya mama wa viazi yalikwenda wapi yalipofika kwetu? Mwishoni nikaelewa jambo dogo, au nafikiri nimelielewa, maana sikuwepo. Hakuna mtu anayeweza kusimama asubuhi nzima na kitunga kilichojaa. Lazima alikitoa mzigo. Aliweka majani chini, akapanga mikungu michache juu, akawaambia wasimame. Ukanda uko kwenye paji, lakini hauvuti kitu. Alichora ubebaji bila uzito, akaenda kuuonyesha kwao, na watu wa kwao wakasema: tazama jinsi wanawake wa kule wanavyotembea kwa madaha.

Sasa kwa nini jambo hilo linichome hivyo, mimi ambaye mambo makubwa zaidi yamenipita nikiwa nimefunga mdomo? Kwa sababu shingo ile naijua.

Unajua Koko yako, mama yangu mimi, alibeba mizigo. Hujui ilivyokuwa, kwa sababu ulipozaliwa magoti yake yalikuwa yamekwisha kumkataza. Mitumbwi kutoka Katana ilileta unga wa muhogo, naye alichukua gunia kule bichi, ufukweni, akalipandisha mlima mpaka mtaa wa Kadutu, akashuka, akachukua lingine. Mimi nilikuwa mdogo, sijaanza shule, nilimfuata nyuma kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuniachia. Kwa hiyo utoto wangu mimi niliuona kutoka nyuma ya gunia. Kidevu kinashuka mpaka kifuani. Mishipa miwili inasimama nyuma ya shingo kama kamba za hema. Mikono inashika ukanda karibu na masikio. Macho yanaona miguu yake na njia kidogo tu mbele ya miguu, basi. Na kichwa hakigeuki. Mtu aliye chini ya ukanda hawezi kugeuka kuangalia nyuma, shingo itavunjika.

Ndiyo maana aliniita. Kila baada ya kitambo, bila kusimama: "Uko?" Nami nilitakiwa kujibu: "Niko." Hivyo tu, mpaka Kadutu. "Uko?" "Niko."

Siku moja nilisimama mbele ya fundi wa redio. Alikuwa amefungua redio kubwa, ndani yake kama mji wenye nyumba ndogondogo, nikasahau. Mama aliita, sikujibu. Aliita tena. Akasimama katikati ya mlima. Sikujua wakati ule, lakini kusimama ndiyo mateso, kwa sababu kuanza tena ni kama kuinua gunia upya, bila mtu wa kukusaidia. Alisimama pale, ameinama, akiita mbele wakati mimi nilikuwa nyuma, mpaka mama mmoja muuza nyanya akamwambia: "We mama, mutoto wako iko huku, anaangalia redio." Watu wakacheka. Nikakimbia. Hakunipiga. Alisema tu, akiangalia miguu yake: "Weye ukinyamaza, muzigo inakuwa mbili."

Basi nilipoziona shingo za mishumaa katika sanduku, nilikasirika. Na nikuambie kitu ambacho nimekielewa majuzi tu, wewe ukiwa umenigeuzia mgongo. Hasira juu ya mchoraji aliyekufa zamani haina hatari. Hakuna anayekuja kugonga mlango kwa sababu yake. Papa yako ni mwoga, hilo si siri nyumbani kwetu. Barabarani ninashusha macho. Ofisini ninasema ndiyo kabla swali halijaisha. Hasira nyingine zote nilizimeza, nikajiachia ile moja, nikailisha, ikanenepa. Na siku ile ikatafuta mtu wa kumwangukia, ikakuta wewe.

Nakumbuka nilivyoingia nyumbani. Sauti zenu zilisikika kutoka nje.

"Harakisha, maman," Koko alikuwa anakuambia. "Shingo yangu haiko ya musichana tena."

"Koko, usicheke basi. Mudomo inatembea."

"Chora yenye kufungwa. Kucheka bado hawajanikatalia."

Alikuwa amesimama katikati ya nyumba na kitunga mgongoni, ukanda wake wa zamani kwenye paji, ule anaouita mukaba, mweusi kwa jasho la miaka. Kitunga kilikuwa kitupu, niliona ukuta kupitia nafasi za nyuzi zake. Nikaja nyuma yako nikaangalia karatasi. Nsimire, ulikuwa umechora vizuri. Sikukuambia siku ile, nakuambia leo. Paji lake lilikuwepo, na lile bonde ambalo ukanda ulilichimba kwenye mfupa, ambalo sijawahi kumwona mtu akilichora. Lakini shingo ilikuwa imesimama wima.

"Hii shingo ya nani?" nikauliza.

"Ya Koko."

"Hapana. Hii ni shingo ya mtu anayekwenda misa."

"Na miye naendaka misa," Koko akasema, bado amesimama kama sanamu.

Ulicheka kidogo. Kama ningecheka nanyi, ingekuwa imeishia pale. Lakini nilichukua penseli kutoka mkononi mwako, penseli yako mwenyewe, na kwa nguvu, kama ninavyosahihisha namba iliyokosewa kwenye sanduku, nikachora mstari kutoka sikioni kwenda begani, jinsi shingo ile ilivyotakiwa kuinama. Juu ya kazi yako. Ulisema: "Papa, umemaliza?" Ndilo neno la mwisho uliloniambia moja kwa moja.

Ulitoka nje, kwa hiyo hukusikia yaliyofuata. Ninataka uyasikie.

Koko alivua mukaba, akaweka kitunga chini, akakaa. "Papa," akaniambia, unajua ananiita hivyo anapotaka nisikilize, "weye ulikuwaka nyuma yangu. Uliona shingo kila siku, ni kweli. Sasa nani alikuambia miye napenda ionekane vile?"

"Mama, lakini ni uongo. Kitunga ni kitupu."

"Najua iko bila kitu. Miye ndiye nilikatala." Akanyoosha mguu wake mbovu. "Ule mutoto alitaka kutia mawe mule ndani. Alikwisha kuyaleta, angalia kule kwa mulango. Anasema, Koko, kidogo tu, juu ya shingo ionekane kweli. Nikamuambia hapana. Nilibeba ya kutosha."

Niliangalia mlangoni. Mawe yalikuwepo, umeyapanga juu ya gazeti ili yasichafue sakafu.

Sikujua, Nsimire. Uliona nilichokiona. Ulitaka nilichokitaka. Tofauti yetu ni kwamba wewe ulimwuliza kwanza mwenye shingo, na alipokataa ulitii.

Nikajaribu tena, maana mtu aliyesoma hajui kunyamaza akiwa ameshindwa. Nikamkumbusha picha ya mzungu niliyomwonyesha kwenye simu, wanawake wa Kabare, nikamwambia wazungu wamechora hivyo miaka yote ili isionekane jinsi wabebaji walivyoteseka. Akafikiri. "Ile picha niliipenda," akasema. "Ule mwanamuke wa mbele anatembea kama mwenye aliisha kuuza. Miye sikutembeaka vile hata siku moja." Halafu: "Batu bote balinitia muzigo, papa. Mujukuu wangu anautoa, weye unanirudishia."

Nilikwenda kukaa nje. Huko nje pia wewe ulikuwepo, uliponiona ukaondoka.

Tangu hapo nimezungusha jambo hili kichwani na halijatulia, na sitajifanya kwamba limetulia. Mchoraji yule aliutoa mzigo na wewe umeutoa. Yeye hakuuliza, nafikiri. Wewe uliombwa. Lakini ukiziweka karatasi mbili ukutani, mtu anayepita hataona tofauti. Hilo linanichosha. Labda huko uendako wapo walimu wanaojua la kufanya. Mimi najua tu kwamba watakuja watu watakaopenda wanawake wako wa vitunga, watataka mwingine, na mwingine, na wataonyesha kwa kidole: hivi, shingo hivi. Siku hiyo utakuwa peke yako, na mimi sitakuwa nyuma yako kukunyang'anya penseli, na hiyo ni bahati yako. Ninachokuomba ni kile ulichokwisha kufanya mbele yangu bila mimi kukiona. Mwulize anayebeba.

Kuna karatasi nyingine katika sanduku lile, sikuwahi kukuonyesha. Ni ndogo, imekunjwa, imechafuliwa na kidole chenye mkaa. Mchoraji yuleyule. Haina maneno chini, hata jina lake mwenyewe hakuliandika, nafikiri aliiona si kitu. Imechorwa haraka, njiani, kutoka nyuma, inaonekana alikuwa anawafuata wanawake na hawakusimama ili awachore. Na shingo iko sawasawa. Kidevu kimeshuka, mishipa miwili imesimama. Kumbe aliweza. Alipowasimamisha alichora mishumaa. Walipomwacha nyuma akaona. Na nyuma ya mwanamke kuna mtoto, mistari michache tu, kichwa kimeinuliwa, mdomo wazi.

Mchoraji hakujua mtoto yule anafanya nini. Labda alifikiri anaimba, au analia. Leo asubuhi nimeiangalia tena. Ninajua neno analolisema.

Sasa ya kesho. Maman yako ananiambia hutaki kuchukua mchoro wa Koko, ijapokuwa shule imeandika kwamba uje nao. Najua ulifuta mstari wangu na ukafuta vizuri, lakini nilibonyeza sana, na ukiuweka kwenye mwanga mfereji unaonekana. Siwezi kuutoa. Mchoro wenyewe nimeufunika kwa karatasi laini ya hapa, ile tunayofunikia picha za sandukuni, na leo jioni nitauacha juu ya kitanda chako pamoja na barua hii. Uchukue au uuache. Nilikwisha kuugusa mara moja bila kukuuliza.

Zipu ya sanduku lako la safari imekufa, umeona. Koko ameleta mukaba wake lifungwe nao. Na kwa kuwa mvua imeikata njia yetu na pikipiki hazifiki tena juu, lazima tushuke kwa miguu mpaka barabarani. Nimemwambia maman yako nitalibeba mimi.

"Kwa kichwa?" akauliza.

"Kwa paji. Mukaba upo."

Alicheka mpaka akakaa juu ya nguo zako. "Bajirani wataona karani anabeba kama maman wa bichi."

"Waone."

Usifikiri nimekuwa shujaa. Ninawaogopa wale vijana wa pale chini kwenye maduka, wanavyopenda kumcheka mwanamume mwenye mzigo wa kike. Nilijaribu jana, ninyi mkiwa sokoni, nilizunguka nyumba na gunia la makaa. Koko alinielekeza akiwa kitini. "Shusha kidevu. Shusha tena. Haya, sasa usione kitu." Na ni kweli, hakuna kitu unachokiona. Nilikuwa nimeiangalia shingo ile miaka yote kutoka nyuma na sikujua kwamba mbele yake hakuna kitu ila miguu.

Kesho basi nitakuwa mbele na wewe utakuwa nyuma. Mteremko unateleza na sitaweza kugeuka kuona kama unanifuata. Sitaki useme umenisamehe, si mahali pake, na watu watakuwa wanatuangalia. Nitakuuliza tu vile Koko alivyoniuliza mimi, na jibu lake sasa unalijua.

Usipojibu nitasimama. Na mimi si Koko, sidhani kama nitaweza kuanza tena.

Papa yako